TUULIZE KWANZA: NANI ANALIPA?



Tangu mwanzo wa trimestre hii kuko mabishano ku internat, kisha chakula cha magaribi. Wengine wanasema kama magazeti ya michezo ya video yote yanadanganya, na waandishi wake wanakula rushwa. Wanasema tena kama mu mwaka 2014 vijana wa Marekani waliamka ili kuyasafisha, na ile vita yao iliitwa Gamergate. Wengine wanajibu kama ile haikuwa vita ya ukweli hata kidogo, ilikuwa njia tu ya kuwatesa wanawake. Kila upande unapiga kelele, na kapita njo anaitwa kuzima taa. Lakini kuzima taa hakumalizi neno. Kwa hiyo nimeomba nafasi mu gazeti letu ili niseme mawazo yangu.

Neno langu ni moja. Mtu akisema anapigania ukweli wa gazeti, usisikilize mdomo wake tu; angalia anamwendea nani. Kama anamwendea mwenyi kulipa, yaani mwenyi makuta na nguvu juu ya gazeti, huyo anatafuta ukweli. Kama anamwacha mwenyi kulipa na kumrukia mnyonge, huyo anatafuta kitu kingine, hata akitaja haki mara mia.

UGONJWA UKO KWELI

Tusianze kwa kukana. Wale wanaosema kama kuko ugonjwa mu magazeti ya michezo, wako na haki. Tuangalie namna kazi yenyewe inaendeshwa.

Kampuni inatengeneza mchezo kwa miaka na kwa makuta mengi. Mbele ya siku ya kuuza, inatuma mchezo ule ku magazeti. Mwandishi anaucheza, anaandika uzuri na ubaya wake, kisha anaupa pointi: 6 kwa 10, ao 9 kwa 10. Msomaji anaangalia zile pointi mbele ya kutoa feza yake. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini kampuni ileile njo inalipa matangazo pembeni ya yale maandiko, na njo inachagua nani apewe mchezo mbele ya wengine. Basi gazeti linakula mu mkono wa ule ambaye linapashwa kumhukumu. Ni kama mwalimu anayelishwa na mzazi wa mtoto anayemsahihisha.

Mfano wa kwanza. Jeff Gerstmann alikuwa mwandishi mkubwa wa GameSpot ku Marekani. Mu mwezi wa 11 mwaka 2007 aliandika juu ya mchezo Kane & Lynch: Dead Men, akaupa pointi 6 kwa 10. Wakati uleule matangazo ya mchezo huo, yaliyolipwa na kampuni Eidos, yalijaa mu kurasa za GameSpot. Mbele ya mwezi kuisha, Gerstmann alifukuzwa kazi. Wakubwa wake walikana, wakasema si juu ya Eidos. Yeye alikuwa amefungwa mdomo na mapatano, akanyamaza mpaka mwezi wa 3 mwaka 2012. Hapo njo akaeleza kama wakubwa wapya wa upande wa biashara walishindwa kusimama mbele ya makampuni yaliyotishia kuondoa matangazo.

Mfano wa pili unaonyesha uzito wa pointi zenyewe. Kuko nyumba moja inaitwa Metacritic, inakusanya pointi za magazeti mengi na kutafuta katikati yake kwa 100. Mu mwaka 2010 kampuni ndogo Obsidian ilitengeneza mchezo Fallout: New Vegas. Ilikuwa imeahidiwa zawadi ya feza kama mchezo utafika 85 ku Metacritic. Ulifika 84. Zawadi ikapotea. Chris Avellone, mmoja wa viongozi wa Obsidian, alilisema wazi mu 2012. Ndugu zangu wa darasa la mwisho, sisi tunaolala na kuamka na Egzameni ya Leta tunajua vizuri maana ya pointi moja kukosekana. Fikirini basi nguvu iliyo mu mkono wa mwenyi kutoa pointi, na hamu ya wakubwa ya kuushika ule mkono.

Mfano wa tatu. Mwisho wa mwaka 2014, kampuni Warner Bros. ilikuwa inauza mchezo Middle-earth: Shadow of Mordor. Ililipa watu wenyi kujulikana ku YouTube, kati yao PewDiePie, ili waonyeshe mchezo ule na kuusifu. Wengine walipata mamia ya dola, wengine makumi ya maelfu. Waliagizwa wasionyeshe makosa ya mchezo. Habari ya malipo waliambiwa kuiandika chini ya video, mahali watu wengi hawafungui. Ile video ya PewDiePie peke yake ilitazamwa zaidi ya mara milioni 3.7. Mu mwezi wa 7 mwaka 2016, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilitangaza kama imeifunga Warner Bros. kwa mapatano: isidanganye watu tena namna ile.

Hii mifano mitatu iko na kitu kimoja. Mwenyi kosa kubwa ni mwenyi makuta. Mwandishi anaweza kuwa mwoga, ao mwenyi tamaa, lakini kamba inavutwa toka juu.

MU 2014 WALIMWENDEA NANI?

Sasa tuone Gamergate yenyewe. Mtengenezaji mmoja wa michezo, Zoë Quinn, alikuwa amefanya mchezo unaoitwa Depression Quest. Ni mchezo wa kusoma na kuchagua, juu ya maisha ya mtu aliye na ugonjwa wa huzuni nzito. Ulitolewa bure, anayetaka kulipa alilipa alichopenda. Mu mwezi wa 8 mwaka 2014, kijana aliyekuwa mchumba wake zamani aliandika ku intaneti barua ndefu ya kufunua maisha yao ya siri. Toka ile barua watu wakavuta neno: kama Quinn alikuwa na mapenzi na mwandishi wa gazeti Kotaku, na kwa njia hiyo mchezo wake ulisifiwa.

Wengi mu mabishano yetu wanarudilia neno hili kama ni jambo lililohakikishwa. Tuliangalie kwa utulivu. Stephen Totilo, mkuu wa Kotaku wakati ule, alichunguza na kujibu mbele ya mwezi kuisha. Mwandishi yule hakuandika hata mara moja uchambuzi wa mchezo ule. Pointi hakuna, sifa hakuna. Aliandika mara moja tu mu Kotaku habari iliyomtaja Quinn, tarehe 31 mwezi wa 3, juu ya shindano la kutengeneza michezo lililoharibika. Urafiki wao ulianza kisha tarehe ile. Maana yake, rushwa iliyopigiwa kelele dunia nzima haikuwa na kile kitu kilichonunuliwa. Ni kama kumshitaki mtu kama ameiba mbuzi wa kijiji, na mbuzi wote wakihesabiwa, wako.

Je, watu waliposikia jibu walinyamaza? Hapana. Tarehe 27 mwezi wa 8, mwigizaji wa sinema Adam Baldwin aliandika neno Gamergate ku Twitter, na neno likashika kama moto wa majani makavu. Quinn alipata vitisho vya kuuawa, akahama nyumba yake. Anita Sarkeesian, mwanamke aliyefanya video za kuchambua namna wanawake wanavyoonyeshwa mu michezo, naye alihama kwake mu mwezi uleule. Mu mwezi wa 10 Brianna Wu, mtengenezaji wa michezo karibu na Boston, alihama pia. Mu mwezi huohuo Sarkeesian alipashwa kusema mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Utah State. Barua ikafika yenye kutisha kama watu watauawa wengi siku hiyo. Aliomba watu wasiingie na bunduki; akajibiwa kama sheria ya jimbo lile hairuhusu kuwazuia wenyi kibali cha silaha. Akaacha kwenda.

Sasa niulize, na ninaomba wenzangu wa upande wa pili wanijibu kwa moyo safi. Quinn hakuwa mwandishi wa gazeti. Sarkeesian hakuwa na gazeti la kutoa pointi. Wu aliendesha kampuni ndogo. Kama vita ilikuwa juu ya waandishi wenyi kununuliwa, juu gani waliohama nyumba zao ni hawa? Na wakati uleule, mu miezi ileile, makuta ya kweli ya Shadow of Mordor yalikuwa yanapita mkono kwa mkono. Tusiwanyime watu haki yao: kuko waliosema wazi juu ya ile biashara siku zile, hata mmoja mmoja kati ya waliopenda Gamergate. Lakini hakuna mkubwa wa kampuni aliyelala mu nyumba ya wengine juu ya kuogopa kuuawa.

Kuko jambo jingine linaloonyesha ile kamba ilikatika wapi. Gamasutra lilikuwa gazeti la watengenezaji wa michezo. Mwandishi mmoja, Leigh Alexander, aliandika humo maneno makali juu ya wale vijana. Wafuasi wa Gamergate wakaandikia kampuni Intel barua nyingi wakiomba iondoe matangazo yake mu gazeti lile. Intel ikaondoa, mwanzo wa mwezi wa 10. Kisha siku chache ikaomba musamaha, na kisha matangazo yakarudi. Mnaona? Mu 2007 watu walilia kwa kuwa mwenyi matangazo alimwangusha mwandishi juu ya maandiko yake. Mu 2014, wenyi kujiita walinzi wa ukweli walimshika mkono mwenyi matangazo na kumwambia: piga. Dawa yao ilikuwa ugonjwa wenyewe.

WANAOSEMA "PENYE MOSHI"

Najua majibu. La kwanza ni ile methali: penye moshi pana moto. Methali ni nzuri, lakini haikusema kama kila mtu anayelia "moshi" ameona moshi. Ukichoma majani mabichi mlangoni kwa jirani, moshi utakuwa mwingi, na moto ni wa kwako.

La pili lina nguvu zaidi. Wanasema: "Kapita, ile ilikuwa kundi isiyo na mkubwa. Waliotisha ni wachache. Wengi walitaka tu magazeti yaseme wazi nani ni rafiki ya nani. Na tazama, magazeti yakabadilisha sheria." Ni kweli kama sheria zilibadilika. Mu mwezi wa 8 mwaka 2014 Kotaku ilikataza waandishi wake kuwapa watengenezaji feza kwa njia ya Patreon, ambako watu wanachangia msanii kila mwezi. Polygon ikaagiza kama anayechangia aseme wazi mu maandiko yake. Hizo ni sheria nzuri, na mimi nazisifu.

Lakini kundi isiyo na mkubwa haina wa kumfukuza mbaya, wala wa kuomba musamaha. Mtu mwema akiona kama jina analolibeba linatumiwa kutisha watu, anaweza kuliweka chini na kuendelea na neno lake chini ya jina jingine. Ukweli wa magazeti haukuanza na Gamergate, na haukuihitaji. Ku Marekani kuko chama cha waandishi, Society of Professional Journalists. Sheria yake ina nguzo nne: kutafuta ukweli na kuusema, kupunguza maumivu, kutotumikia mwingine, na kukubali kuulizwa juu ya kazi yako. Gamergate ilishika nguzo ya tatu peke yake na kuitumia kama fimbo. Nguzo ya pili, kupunguza maumivu, waliiacha mu njia. Nyumba haisimami ku nguzo moja.

Mu mwezi wa 8 mwaka 2015 kulifanyika mazungumzo ku Miami, yaliyotayarishwa kwa mkono wa chama hicho, ili pande zizungumze kwa heshima. Vitisho vya bomu vikafika, watu wote wakatolewa mu nyumba. Hata mahali pa kubishana vizuri palivunjwa.

Na ugonjwa wa kwanza, ule wa makuta na nguvu, umepona? Hapana. Mu mwezi wa 11 mwaka 2015 Kotaku ilieleza kama makampuni Bethesda na Ubisoft yaliacha kuitumia michezo na kuijibu, kwa sababu ilitangaza habari zao za siri mbele ya wakati. Mu mwezi wa 12 mwaka 2020 kampuni CD Projekt ya Poland iliwapa wachambuzi mchezo Cyberpunk 2077 wa ordinatere tu, si ule wa PlayStation wala wa Xbox, na mwanzoni waliruhusiwa kuonyesha picha za video za kampuni yenyewe peke yake. Watu walisoma sifa, wakanunua, wakakuta ule wa mashini za zamani umeharibika. Tarehe 18 mwezi uleule Sony iliuondoa mu duka lake na kukubali kurudisha feza za watu. Ukauzwa tena humo mu mwezi wa 6 mwaka 2021. Huko njo kulikuwa mahali pa kupigia kelele.

NA SISI HAPA KU SHULE?

Mtu atasema: kapita ametupeleka mbali sana, ku Marekani, juu ya michezo ambayo wengi kati yetu tunaicheza tu siku ya likizo, tukilipa kwa kila mechi. Inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu sisi pia tunaishi kwa pointi. Kila mwaka, mu shule yoyote ya nchi hii, msichana akitoka wa kwanza mu darasa, kunakuwa mdomo unaosema: "Tunajua namna alivyozipata." Wenye kusema hawana karatasi, hawana tarehe, hawana mbuzi aliyepotea. Lakini neno linatembea toka darasa mpaka ku kisima, na kisha wiki moja dada yetu anatembea macho chini, kama mwizi, na bultini yake nzuri mu mkono.

Tusifanye kama wajinga: kuko mahali ambapo mwalimu anauza pointi, kwa makuta ao kwa mambo mabaya zaidi. Ni ugonjwa wa kweli, sawasawa na ule wa magazeti. Lakini tazama ni nani aliye na kalamu nyekundu. Si msichana. Mwenyi kushika pointi njo mwenyi kuulizwa. Mtu anayechukia kweli biashara ya pointi, aende kwa mwenyi kalamu na kwa wakubwa wake, na ushuhuda mu mkono. Anayemwimbia msichana nyimbo za haya ku mstari wa chakula hapiganii haki ya masomo. Anamwacha mwenyi kosa alale vizuri, kama yuko. Na kama hayuko, anamwumiza mtu aliyesoma usiku.

Basi naleta mashauri mbele ya Bwana Prefe na wazee walimu, kwa heshima. Moja: ku egzameni, makaratasi yabebe namba mahali pa majina, ili mwenyi kusahihisha asijue anasahihisha nani. Mbili: mwalimu akiwa na ndugu mu darasa, mwalimu mwingine asome karatasi ya huyo ndugu mara ya pili. Tatu: mwanafunzi mwenyi malalamiko awe na mlango wa kupitia, na mtu mzima wa kumsikiliza, pasipo kutangazwa. Sheria za namna hii zinamlinda mwalimu mwema kwanza, maana zinawanyima wasengenyaji chakula.

Na gazeti letu lisijisahau. Tuseme wazi: hili gazeti pia linalipwa. Karatasi na wino vinatoka ku buro ya shule, na kurasa zote zinasomwa na wakubwa mbele ya kuchapwa. Sisemi kama ni vibaya. Nasema msomaji ajue. Tena anayecheza mu timu ya mpira asiandike juu ya mechi ya timu yake. Ao akiandika, aseme ku mstari wa kwanza kama yeye ni mchezaji. Na uvumi juu ya mtu, asiyekuwepo kujibu, usiingie mu kurasa hizi, hata ukiwa mtamu namna gani.

Kwa wenzangu wa internat: bishaneni, sitawazuia. Lakini kesho mtu akisema gazeti fulani limenunuliwa, mumwulize: limenunuliwa na nani, kwa bei gani, na andiko lililouzwa liko wapi? Akishindwa maswali hayo matatu, mumwambie aende kulala. Na taa, ni saa tatu na nusu, kama siku zote.

Kapita mkuu wa wanafunzi,
darasa la mwisho